Namna ya Kuwapata na Kukutana na Wapenzi wa Wembe wa Kukunja, Mtwara na Lindi

Mwenzangu wa kwanza nilimpata kwa fundi viatu, Chikongola. Nilikuwa natafuta kipande cha ngozi nene, kirefu kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, kisicho na mkwaruzo. Fundi akaniuliza kama nataka kumshonea tembo kiatu. Kabla sijajibu, mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi akisubiri makubazi yake akasema bila hata kuinua uso: "Huyo ana wembe. Anataka mkanda."

Wembe wangu nilikuwa nao mwaka wa nne, najinyolea chumbani na mlango nimefunga kama mtu anayehesabu pesa za wizi. Sikujua kama mjini yupo mwingine anayejua mkanda wa wembe, ile ngozi ya kupitishia makali baada ya kunoa, ni kitu gani. Siku ile tulikaa pale hadi adhana ya adhuhuri, na makubazi yake yalikuwa tayari zamani.

Tangu hapo nimewapata wengine, na karibu wote nimewapata kwa njia ileile. Huku kwetu wapenzi wa wembe hawapatikani panaponyolewa. Wanapatikana panaponolewa. Ukilishika hilo, mengine yote hapa chini ni maelezo tu.

Tuelewane kwanza ni wembe gani. Nasema ule wa vinyozi wa zamani: chuma kimoja chenye mgongo mnene, makali yasiyobadilishwa, kinachojikunja na kulala ndani ya mpini wake. Sisemi kile kishikio cha saluni kinachotiwa nusu ya wembe wa dukani, kisha hiyo nusu ikatupwa. Kishikio kina kazi yake na nitakirudia nikifika kwenye usafi, lakini hakinolewi, na kisichonolewa hakina cha kuwakalisha watu wakazungumza.

Hatua ya kwanza: usome wembe wako

Mtu wa kwanza utakayempata atakuuliza mawili: wa wapi, na unanoaje. Jibu la kwanza liko mkiani, pale chuma kinapokuwa chembamba kabla ya kufika kwenye msumari wa mpini. Pafute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Msasa usiuguse, utafuta na maandishi. Ukisoma Solingen, ni wa Ujerumani, na jina hilo lina ulinzi wa sheria huko tangu 1938, halipigwi muhuri kwenye wembe wa mji mwingine. Sheffield ni Uingereza, Thiers ni Ufaransa. Gold Dollar ni Mchina wa bei ya chini na wengi wetu tumeanza naye. Usimwonee haya, ila ujue mara nyingi anafika akiwa hajanolewa sawasawa, na atakayekwambia umeuziwa kopo la maziwa lililopondwa hatakuwa amekutukana bure.

Upana wake unapimwa kwa sehemu za nane za inchi. Wa kawaida ni 5/8, yaani kama milimita 16, na unaofuata ni 6/8, kama milimita 19. Utazame pia kwa upande wa ncha: kama mbavu zake zimebonyea sana, ni mwepesi na unalia ukiguswa kucha, kama umenyooka kama kabari, ni mzito na haulii. Wazee wanaanza kuuhukumu wembe kwa sikio kabla ya jicho.

Swali la pili, la kunoa, kama hujui sema hujui. Hakuna kinachomfungua mtu mzima wa Kusini upesi kama kijana aliyekiri kwamba hajui.

Hatua ya pili: pita panaponolewa

Anza na mafundi viatu, kwa sababu kila mwenye wembe wa kukunja ana shida ya ngozi. Fundi anayekata soli kwa kisu anajua makali, na anawakumbuka wateja wake wa ajabu. Muulize swali moja tu: "Kuna mtu aliwahi kukuomba mkanda mpana, mrefu, usiotobolewa?" Akisema yupo, mwachie namba yako, usiombe ya yule mtu. Hili nalisisitiza. Watu wetu hawapendi namba zao zigawiwe, na fundi akipeleka salamu mwenyewe utapokelewa vizuri zaidi.

Kisha nenda kwa wachonga vinyago. Mmakonde anayechonga mpingo hawezi kufanya kazi siku mbili bila kinoo, maana mpingo unakula patasi. Pale utapata mawili kwa safari moja. La kwanza ni mtu anayejua jiwe: lipi linakwangua, lipi linalainisha, na kwa nini jiwe lililobonyea katikati halifai. La pili ni mpini. Nyembe nyingi za zamani mipini yake ya pembe au plastiki imepasuka, na mabaki ya mpingo yanatosha kabisa kutengeneza mpya. Mwambie atoboe tundu kwanza, asigongelee msumari moja kwa moja, mpingo ni mgumu na ukibanwa unachanika. Mmoja wa wenzetu leo alikuwa mchongaji asiyejali ndevu hata kidogo. Alitengeneza mpini, akataka kujua chuma chenyewe kinafanya nini, basi.

Maseremala wa randa ni vilevile, hasa watu wazima waliofanya kazi kabla ya mashine kuenea. Na usiwasahau mafundi cherehani. Mtu wa pili kwa ubora wa kunoa ninayemjua Lindi mjini ni mama mmoja fundi cherehani anayejinolea mikasi mwenyewe. Hanyoi chochote. Anakuja kwetu kwa ajili ya mawe.

Vinyozi nimewaweka mwisho makusudi. Kijana wa saluni leo ana mashine za umeme, ana taa, ana muziki, na ukimwonyesha wembe wa kukunja ataupiga picha tu. Lakini muulize: "Nani alikufundisha? Na yeye alifundishwa na nani?" Mara nyingi ukirudi nyuma hatua mbili unamfikia mzee aliyenyolea chini ya mwembe, kiti kimoja, kioo kimetundikwa kwenye msumari, mkanda umening'inia mgongoni mwa kiti. Huyo ndiye. Mtafute asubuhi, kabla hajaenda kwenye bao.

Jambo moja la tahadhari, na linahusu huku kwetu hasa. Usiseme unatafuta "wembe wa Mjerumani". Nilisema hivyo Mikindani, mwaka wangu wa kwanza, na kabla ya jioni walikuwa wamenijia watu watatu kwa faragha: mmoja ana ramani, mmoja ana sarafu, mmoja anajua handaki. Boma la pale lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895, na hadithi za mali walizofukia hazijawahi kuisha. Ukitaja Mjerumani umekuwa mtafuta hazina, na bei ya kila kitu cha chuma imepanda. Sema "wembe wa zamani wa kinyozi". Tena usiamini kila wembe wa Solingen uliachwa na afisa wa enzi hizo. Nyembe za Solingen ziliuzwa dunia nzima, na wengi walizinunua dukani tu kama mtu anavyonunua sufuria.

Hatua ya tatu: kufungua mazungumzo

Wembe usiutoe. Hata kama uko mfukoni, usiutoe sokoni, stendi wala kwenye kijiwe cha kahawa. Mtu anayekunjua wembe mbele za watu asiowajua ana maana moja tu, na siyo ndevu. Beba picha kwenye simu, au beba mkanda peke yake. Mkanda ni chambo kizuri: asiyejua anaona ngozi, anayejua ananyamaza kwanza, kisha anauliza.

Kwa mzee yanakwenda hivi:

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetoka wapi?"

"Natoka Ligula. Nimeambiwa na fundi fulani kwamba wewe ulikuwa mtu wa wembe."

Hapo nyamaza. Usiongeze. Mzee wa wembe atakuangalia kidevu kwanza, ataona umejikata wapi, na somo litaanzia hapo. Akikukaribisha kahawa, kunywa. Swali la wembe wake mwenyewe, kama bado anao, liache hadi siku ya pili. Siku ya kwanza linasikika kama unataka kuununua, na wapo wanaopita mitaani kununua vitu vya zamani kwa bei ya dharau.

Kwa rika lako huhitaji yote haya. Mtumie picha ya makali yaliyomeguka, muulize angefanya nini. Kama ni mwenzako, atajibu kabla hujafunga simu.

Hatua ya nne: wawili kwanza

Kabla ya kuita kundi, kutana na kila mmoja peke yake, mchana, mahali penye watu, saa moja inatosha. Unamtazama anavyoushika wembe na anavyokupokeza. Anayekupokeza ukiwa umefunguka, makali mbele, huyo msimwalike bado.

Hatua ya tano: siku, saa na mahali

Hapa ndipo mikutano mingi inapovunjika kabla ya kuanza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Siku. Watu wa kawaida watasema Jumapili. Kama kwenye kundi lako kuna kinyozi hata mmoja, Jumapili umempoteza, na Jumamosi pia, na wiki nzima kabla ya Idi. Ijumaa ina sala. Sisi tumeishia Jumatatu, saa kumi alasiri, kwa sababu saluni zimelala na walimu wametoka shule. Mfungo wa Ramadhani tunapumzika. Kuanzia Oktoba minada ya korosho inapoanza, wenye mashamba Tandahimba na Newala hawaonekani, wako kwenye vyama vya msingi wanasubiri mzigo upimwe; wanarudi baadaye wakiwa na pesa, na huo ndio wakati wa kuagiza mawe kwa pamoja kutoka Dar es Salaam. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba. Mvua hakuna, unyevu umepungua, chuma kinapumua.

Saa. Makali yanasomwa kwa mwanga wa jua unaoingia kwa upande. Saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu jua limeinama vizuri. Taa ndogo haitakuonyesha kitu, na maghribi ikiingia watu wanataka kwenda msikitini. Funga mapema.

Mahali. Baraza ya nyumba ya mmoja wenu inashinda hoteli. Iwe na kivuli, isiwe na upepo wa moja kwa moja (mchanga mmoja juu ya jiwe la kumalizia umeharibu kazi ya nusu saa), iwe na maji ya baridi, na isiwe njia ya watoto wa shule. Kama mnatoka Mtwara mjini na Lindi, Mikindani ni pazuri: iko kama kilomita 10 tu kutoka Mtwara kwenye barabara ya Lindi, na baraza zake za zamani zimejengwa kwa ajili ya watu kukaa. Mkiwa na wa Masasi au Nachingwea, ni haki kukutana Mnazi Mmoja, pale barabara za Lindi, Mtwara na Masasi zinapounganika, ili asiwepo mmoja anayebeba safari ya wote.

Idadi. Wanne. Sita ni wengi. Mara moja niliwaita tisa, kwenye baraza inayotazama barabara, nyembe zimepangwa juu ya kanga kama samaki mnadani. Mtoto mmoja wa miaka saba hivi alichungulia, akaona wanaume wazima, nyembe na maji ya moto kwenye ndoo, akakimbia akilia hadi kwao. Alidhani ngariba amekuja. Mama yake alikuja, jirani akaja, mgambo naye akaja. Tulieleza tukaeleweka, chai ikanywewa, lakini mchana ule hakuna aliyenoa. Tangu hapo tunamwarifu mjumbe mapema, kwa maneno yasiyo na mzunguko: tunakutana watu wanne, tunanoa nyembe za kunyolea, tunamaliza kabla ya maghribi.

Kama mtakuwa watatu tu, msikate tamaa. Kampuni ya King C. Gillette, iliyokuja kuziondoa nyembe zetu mikononi mwa ulimwengu mzima, mwaka wake wa kwanza wa mauzo, 1903, iliuza vishikio 51.

Hatua ya sita: vya kubeba

Kila mtu wembe wake, mkanda wake, taulo yake, sabuni na brashi yake. Kundi linachangia mawe, kwa sababu mawe ni ghali na mazito, na jiwe zuri linavumilia watu wengi. Namba ya jiwe ni ulaini wake, ikipanda jiwe ni laini zaidi. La namba 1000 ni la kuweka makali yaliyokufa au kumeguka. La 4000 au 5000 linafuta mikwaruzo ya kwanza, 8000 linalainisha, na anayetaka raha zaidi anaongeza 12000. Mkiwa na 1000 na 8000 mtaishi. Ongezeni kipande cha kioo kinene na msasa wa maji, wa kunyooshea mawe, penseli, kalamu ya maka, mkanda wa kunata wa fundi umeme, chupa ya kunyunyizia maji, na mafuta ya cherehani.

Mafuta ya nazi yaacheni jikoni. Najua yapo kila nyumba, na ngozi ya uso inayapenda, lakini kwenye chuma yanakaa, yanagandamana, na baada ya wiki chache wembe unanata kwenye mpini kama kashata iliyosahauliwa mfukoni.

Hatua ya saba: kunoa pamoja

Msianze kwa kunyoana. Huu ndio msimamo wangu na wapo wasioupenda. Kunyoa ni jambo la mtu na kidevu chake, dakika kumi, kisha nini? Kunoa kunachukua alasiri nzima, mikono ina kazi, midomo iko huru. Ndiyo maana fundi viatu na mchonga vinyago wana hadithi, na kinyozi wa mashine ana redio.

Anzeni na jiwe lenyewe. Chora mistari ya penseli iliyopishana juu ya uso wake, lisugue kwenye msasa wa maji uliolazwa juu ya kioo hadi mistari yote iishe. Ikibaki katikati, jiwe limebonyea, endelea. Kazi hii mpeni mgeni, inamfundisha subira na inampa sababu ya kuwepo.

Wembe unalazwa bapa: mgongo na makali vyote vinagusa jiwe kwa pamoja, wakati wote. Mgongo ndio unaoweka pembe, wewe hupimi kitu. Anayetoka kwenye visu atainua mgongo kwa mazoea, na hapo mchongaji wetu aliteseka wiki tatu. Sukuma makali yakitangulia, kama unataka kumenya ngozi nyembamba ya jiwe, kutoka kisigino (upande wa mkia) kwenda ncha kwa mshazari. Ukifika mwisho, geuza juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali, urudi. Nguvu ni uzito wa wembe wenyewe na kidogo tu cha kidole. Kama mgongo una mapambo hutaki yachubuke, bandika tabaka moja la mkanda wa fundi umeme.

Kwenye namba 1000 utajuaje umetosha? Paka maka kwenye makali pande zote mbili, piga mara chache, tazama. Pale wino ulipobaki, jiwe halijafika. Wembe wa zamani mara nyingi umepinda kidogo, wino unabaki katikati au kwenye ncha, na hapo ndipo wazee wanapokatiza kila mtu kueleza mkono wake. Waacheni. Nilimwona mzee mmoja akinoa kwa kuuviringisha wembe kidogo kidogo kama anayefuata ukingo wa sahani, na wino ukaisha wote kwa mara sita.

Usiondoke 1000 kabla makali hayajakata malaika (vinyweleo) ya mkono bila kukwama. Hili ni kosa la kila anayeanza: anakimbilia 8000 kwa sababu inang'arisha, anapata wembe unaong'aa usiokata. Mawe ya juu yanalainisha makali yaliyopo, hayayaumbi. Kuna jaribio linalosifiwa sana la kuning'iniza unywele mmoja na kuukata hewani. Kwa nywele zetu fupi za kipilipili halina maana, unywele wenyewe unakwepa. Malaika ya mkono yanatosha.

Mkanda unakuja mwisho. Hapa mwendo unageuka: mgongo unatangulia, makali yanafuata nyuma. Ukisahau, umeukata mkanda, na kila mkanda katika kundi letu una kovu la mwenyewe. Uvute ukaze, usilegee tumboni. Mara kumi hadi ishirini kwenye kitambaa cha jinzi au turubai, kisha mara thelathini hadi hamsini kwenye ngozi. Gazeti lililokunjwa likafungwa juu ya ubao nalo linafaa kwa asiye na ngozi. 

Anayetaka kunyoa baada ya hapo anyoe, mwenyewe, kwa wembe wake. Maji ya moto, povu zito, ngozi ivutwe, wembe uinuke kama nyuzi 30 kutoka usoni, ufuate ndevu zinakoelekea. Wenye ndevu za kujisokota, yaani wengi wetu, wasitafute shavu la kioo kwa kunyoa kinyume. Unywele uliokatwa chini ya ngozi unajikunja na kurudi ndani, na vipele vya shingo vitakukumbusha mkutano huo wiki nzima. Wengine kwenye kundi hawanyoi ndevu kabisa. Wananyoa kichwa, au wanachonga tu ukingo. Usimuulize mtu mwenye ndevu anafanya nini na wembe.

Hatua ya nane: damu

Waswahili wanasema kinyozi hajinyoi, akijinyoa hujikata. Sisi tunajinyoa, na ndiyo, tunajikata. Kwa hiyo sheria ni moja na haina ndugu wala rafiki: wembe uliogusa ngozi ya mtu haugusi ya mwingine. Hata kwa kuonja tu makali. Hata kama umepigwa spiriti. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, kwa tone usiloliona, na spiriti ya kufuta haraka haraka siyo ruhusa ya kuazimana. Dawa ya klorini inaua, lakini inakula chuma cha wembe na kuutoboa makali. Hiyo ni ya kufutia meza na sakafu damu ikidondoka.

Wembe wa mtu mwingine ukija kunolewa, uoshwe kwa sabuni na ufutwe spiriti kabla haujagusa jiwe la kundi, na mwenyewe ndiye anayeujaribu. Jiwe lisuguliwe na lisuuzwe baada ya kila mmoja. Mgeni asiye na wembe anayetaka kuonja, hapo ndipo kile kishikio cha saluni kinapata heshima yake: kishikio kisafi, nusu ya wembe mpya anayoifungua yeye kwenye karatasi, na akimaliza inaingia kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko, siyo kwenye mfuko wa taka anaouchambua mtoto wa mtu.

Mkanda wa ngozi hauoshwi. Kwa hiyo mkanda nao hauazimwi.

Hatua ya tisa: kwenda na kurudi

Kwenye basi, wembe ufungwe kwa uzi au mpira usijifungue, utiwe kwenye kopo la miwani, kopo lizame katikati ya nguo. Begi liwe miguuni kwako, siyo juu ya vichwa vya watu. Kwa ndege kutoka Mtwara, wembe uende kwenye begi la mizigo. Ukiubeba mkononi utaachwa kwenye meza ya ukaguzi. Mawe yafungwe kila moja kwenye taulo yake, na anayeyabeba asilipe nauli ya bodaboda, kundi linamlipia.

Wanaovuka kwa pantoni, iwe Msangamkuu au Kitunda, wajue kwamba chuma cha nyembe hizi hakipatani na chumvi. Nilivuka jioni moja ya upepo na begi limelowa nje tu, nikafika nyumbani nimechoka, nikalala. Asubuhi wembe wa 6/8 ulikuwa na madoa mekundu kama mtu mwenye surua, na mawili yalikuwa yamefika kwenye makali. Siku hizi nikifika, hata kama ni usiku wa manane, nafungua kopo kwanza. Nafuta chuma hadi ndani ya mpini kwa kona ya kitambaa, napitisha mara chache kwenye jinzi, naupaka mafuta ya cherehani kwa kidole, naulaza kwenye kopo pamoja na vile vipakiti vya kuzuia unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya. Fundi wa Chikongola ananiwekea. Anavyo droo nzima, na hajawahi kuniuliza ni vya nini.